Faili, Kabrasha na Njia: Somo Linalorukwa katika Utafiti wa Kiswahili kwa Tarakilishi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo wa watu wa biashara una mashiko makubwa leo katika idara za Kiswahili, ambako mali ya mwanafunzi si karafuu wala nguo, ni maneno: methali alizozikusanya kijijini, mahojiano aliyoyarekodi kwa simu, nakala za tenzi alizozipiga chapa usiku kucha. Mali hiyo sasa huhifadhiwa kwenye tarakilishi. Daftari lake, yaani mpangilio wa faili na makabrasha, mara nyingi halipo.

Si ajabu siku hizi kumkuta mwanafunzi wa isimu au fasihi akijifunza kutunga programu fupi kwa lugha ya Python, lugha iliyotolewa kwa umma na Guido van Rossum mnamo 1991 na ambayo hupendwa na wanaoanza kwa sababu sintaksia yake ni nyepesi. Mradi wake wa kwanza huwa wa kawaida: kuhesabu marudio ya maneno katika diwani, kuzitafuta sentensi zote zenye kiambishi fulani, au kuzipanga methali kialfabeti. Mfano wa hadhi ya juu anao. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, ilikuwa na takriban maneno milioni 12.5 katika toleo lake la kwanza, na haikufika hapo kwa kurundika faili ovyo. Hata hivyo, mafunzo anayoyapata mwanafunzi huyu humwanzisha kwa vigeu, masharti na mizunguko. Suala la mahali faili zinapokaa hupewa aya moja, au halipewi kabisa, kana kwamba ni kazi ya tarishi. Makala hii inashikilia kinyume cha hayo: kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mpangilio wa faili ni sehemu ya utafiti wenyewe. Unastahili kufundishwa kabla ya mizunguko, ufundishwe kwa Kiswahili, na utahiniwe.

Mkenya hahitaji kuelezwa maana ya faili kupotea. Kwa miaka mingi, mwananchi aliyefuatilia kesi mahakamani au hatimiliki katika afisi ya ardhi alilizoea jibu la karani wa masijala: faili haionekani, rudi wiki ijayo. Wakati mwingine faili hiyo ilikuwa imefichwa kwa hila. Wakati mwingine ilikuwa imetiwa tu kwenye rafu isiyo yake, na rafu ni nyingi. Idara ya Mahakama ilianza kupokea kesi kwa njia ya kielektroniki jijini Nairobi mnamo Julai 2020, na Wizara ya Ardhi ikauzindua mfumo wa Ardhisasa mnamo Aprili 2021. Hatua hizo zilikuwa jibu kwa tatizo la karatasi. Lakini je, karatasi ikishageuzwa kuwa umeme, fujo huondoka? Karani asiyezijua rafu zake ataipoteza faili ya kielektroniki kwa urahisi uleule, tena kwa kasi zaidi, maana tarakilishi humwezesha kupoteza faili elfu moja kwa amri moja. Mwanafunzi anayeanza kutunga programu amepewa masijala nzima aiendeshe peke yake, bila ya kuonyeshwa rafu.

Tatizo la kwanza ni la istilahi, na hapa watu wa Kiswahili wana mengi ya kusema kuliko wenzao wa sayansi ya tarakilishi. Katika afisi, faili ni gamba la karatasi ngumu linalobeba nyaraka nyingi: barua, risiti, kumbukumbu za mikutano. Katika tarakilishi, faili ni waraka mmoja, na gamba linalozibeba faili ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi anayelisikia neno faili huku picha ya masijala ikiwa akilini mwake huanza safari na ramani iliyopinduliwa. Anaambiwa afungue faili, naye anadhani anafungua chombo. Anaambiwa programu yake izisome faili zote zilizo ndani, asijue ndani ya nini. Kosa si lake. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na mwalimu hajalitua.

Kiingereza chenyewe hakijasalimika na utata huu. Neno lililozaa faili lina asili katika neno la Kilatini lenye maana ya uzi, kwa kuwa karatasi zilikuwa zikitungwa kwenye uzi kama samaki. Picha ndogo ya kabrasha inayoonekana kwenye kioo cha tarakilishi ilipata umaarufu baada ya kampuni ya Xerox kuitoa tarakilishi yake ya Star mnamo 1981, na picha hiyo iliigwa kutoka kwenye meza ya afisi ya Marekani. Aliyewahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo alisaidiwa na mfano huo. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuajiriwa afisini, wala hajaingia masijala isipokuwa kufuatilia cheti cha kuzaliwa, humsaidia kidogo sana.

Na hilo gamba liitweje? Wapo wasemao folda, wapo wasemao kabrasha, wapo wasemao jalada, na zipo tafsiri zilizolichagua neno saraka. Jalada lina matatizo mawili. Kwa msomaji wa vitabu, jalada ni ganda la nje la kitabu. Kwa polisi, jalada ni faili ya uchunguzi wa kesi, na hivyo linaurejesha mkanganyiko uleule uliotajwa. Saraka halimletei mwanafunzi wa kawaida picha yoyote akilini. Folda linaeleweka na walio wengi na halina kosa, ila halimwambii chochote asiyelijua neno la Kiingereza. Kabrasha, kwa upande wake, linajulikana na kila aliyehudhuria mkutano au warsha: ni mkoba wa nyaraka anaogawiwa mjumbe mlangoni. Ndani ya kabrasha mna nyaraka, na kabrasha dogo laweza kutiwa ndani ya kabrasha kubwa bila ya mtu kushangaa. Wazo hilo la chombo ndani ya chombo, bila kikomo, ndilo lililoelezwa na wabunifu wa mfumo wa Multics mnamo 1965 na kusambazwa na Unix katika mwongo wa 1970. Faili kwa waraka, kabrasha kwa chombo, njia kwa anwani inayoelekeza kutoka kabrasha moja hadi jingine mpaka kwenye faili: istilahi tatu tu zatosha kuanzia. Wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioitoa Jambo OpenOffice mnamo 2004, walionyesha kwamba programu nzima ya afisi yaweza kusema Kiswahili. Maneno yapo. Kinachokosekana ni mhadhiri wa kuyatumia ubaoni hadi yazoeleke.

Isitoshe, kizazi kinachoingia chuoni sasa kimekulia kwenye simu ya rununu. Simu humwonyesha mtumiaji picha zake zote mahali pamoja na nyimbo zake zote mahali pengine, wala haimwambii vitu hivyo vinakaa wapi hasa. Waraka hupokelewa kwa WhatsApp, hufunguliwa, huhaririwa, hutumwa tena, na mwenyewe asijue umo katika kabrasha gani. Mnamo Septemba 2021 jarida la Marekani la The Verge lilichapisha makala kuhusu wahadhiri wa sayansi waliogundua kwamba wanafunzi wao hawalielewi hata swali lenyewe wanapoulizwa faili yao iko wapi. Kuwaita wanafunzi wa namna hiyo wavivu ni kuwaonea. Hawajawahi kulihitaji jibu.

Programu haina huruma hiyo ya simu. Ikiambiwa isome faili iitwayo methali.txt, huitafuta mahali pamoja tu, yaani katika kabrasha ambamo kazi inaendeshwa kwa wakati huo. Kabrasha hilo si lazima liwe lile lililo na programu yenyewe. Mwanafunzi anaiona faili yake kwenye kioo, anaiona kwa macho yake mawili, na programu inashikilia kwamba haipo. Fauka ya hayo, Windows kwa kawaida huuficha mkia wa jina la faili, hivyo anayeandika methali.txt kwa mkono wake huenda ameunda faili iitwayo methali.txt.txt bila ya kujua. Hapo mwanafunzi huamini kwamba tarakilishi imeharibika, au kwamba kutunga programu ni kazi ya watu wa aina nyingine. Wengi wanaoiacha safari huiachia hapa, kabla hata ya kuhesabu neno moja.

Suluhisho linalokimbiliwa ni kuiandika njia kamili, kuanzia diski ya C hadi kwenye faili. Na hapo ndipo Kiswahili kinapokutana na balaa la kipekee. Windows hutenganisha makabrasha kwa mkwaju ulioelekea kinyume, \, desturi iliyoingia na toleo la pili la MS-DOS mnamo 1983, ilhali Unix na jamaa zake hutumia mkwaju wa kawaida, /. Python, kama lugha nyingine zilizorithi desturi za lugha ya C, huuchukulia mkwaju wa kinyume kuwa ishara ya siri. Ukifuatwa na herufi n, humaanisha mstari mpya; ukifuatwa na t, humaanisha mruko wa nafasi kama ule wa jedwali.

Sasa amfikirie msomaji mwanafunzi aliyeyapanga makabrasha yake kwa tanzu, kama alivyofundishwa darasani. Anaandika C:\nyimbo, na programu inasoma C, nukta mbili, mstari mpya, kisha yimbo. Anaandika C:\tenzi, na programu inasoma mruko wa nafasi, kisha enzi. Riwaya inageuka iwaya, baada ya ishara ya kurudi mwanzoni mwa mstari. Barua inageuka arua, kwa kuwa mkwaju huo na herufi b huamuru kurudi nyuma kwa herufi moja. Fasihi inageuka asihi, vitendawili vinageuka itendawili. Kabrasha la utafiti halifiki hata hapo: mkwaju wa kinyume ukifuatwa na u hudai tarakimu nne za kuitambulisha herufi fulani, na Python isipozikuta hukataa kuianza programu nzima. Methali, hadithi na mashairi husalimika kwa bahati tu, ingawa matoleo mapya ya Python huyatolea onyo. Karibu silabasi yote ya Kiswahili imetegwa mtego na herufi zake za mwanzo! Vitabu vya mwongozo hulitaja jambo hili, lakini kwa mifano isiyomgusa mwanafunzi huyu. Akionyeshwa tenzi iliyogeuka enzi, hatasahau.

Dawa yake ni nyepesi. Python huukubali mkwaju wa kawaida hata kwenye Windows, na tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014 imekuwa na moduli iitwayo pathlib inayounganisha sehemu za njia bila ya mtunzi kuhangaika na mikwaju ya aina mbalimbali. Lililo muhimu zaidi ni kuiacha kabisa njia inayoanzia diski ya C. Njia hiyo imebeba jina la mwenye tarakilishi na haipo kwenye tarakilishi ya mtu mwingine yeyote. Mhadhiri akipokea mradi wa aina hiyo, hautaendeka kwake, naye atadhani mwanafunzi hakufanya kazi. Mradi mzima ukiwekwa katika kabrasha moja, na kila njia ikahesabiwa kutoka kwenye kabrasha hilo, waweza kuhamishwa kwa kidude cha kuhifadhia data kutoka Maseno hadi Mombasa na ukaendelea kufanya kazi.

Hata hivyo, kutoipata faili ni balaa dogo. Balaa kubwa ni kuipata na kuifuta.

Python huweza kuambiwa faili inafunguliwa kwa shughuli gani. Herufi r ni ya kusoma. Herufi a ni ya kuongeza mwishoni. Herufi x ni ya kuunda faili mpya, na hukataa iwapo faili yenye jina hilo ipo tayari. Herufi w ni ya kuandika, nayo huyafuta yote yaliyomo mara tu faili inapofunguliwa, kabla ya hata neno moja kuandikwa. Programu ikikwama katika mstari unaofuata, mwanafunzi hubaki na faili yenye jina lake kamili na ukubwa wa baiti sufuri. Haulizwi kama ana hakika. Hakuna kinachopelekwa kwenye pipa la taka ili kiokotwe baadaye. Amri ya kulifuta kabrasha zima pamoja na makabrasha yote yaliyo ndani yake ina tabia iyo hiyo. Hata kubadilisha jina kuna hatari: kwenye Linux, faili ikipewa jina ambalo tayari lina mwenyewe, mwenyewe hufutwa kimyakimya, kwenye Windows, amri hiyo hiyo hukataliwa. Mwanafunzi aliyejifunzia kwenye Windows na kuhamia maabara yenye Linux huligundua hilo akiwa amechelewa.

Kwa mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, faili iliyofutwa huenda ni orodha ya bei za kubuni aliyopewa na mwalimu wake. Ataipata tena baada ya dakika moja. Hali ya mwanafunzi wa Kiswahili ni tofauti. Aliyekwenda Vanga au Wasini kuirekodi lahaja ya Kivumba, au Shimoni kuirekodi Kichifundi, amerudi na kitu ambacho pengine hakina nakala nyingine ulimwenguni. Bibi aliyemwimbia nyimbo za kazi hataziimba tena kwa mpangilio uleule na kwa maneno yaleyale, hata akifuatwa tena kwa heshima zote. Huenda asiwepo wa kufuatwa. Nauli ilishatumika, kibali cha utafiti kilishalipiwa, na watu walishatoa muda wao na imani yao. Herufi moja ya w yaweza kuyafuta hayo yote kwa muda mfupi kuliko ule wa kupepesa jicho.

Wanafunzi wa fasihi wanayo tayari maadili ya kulikabili jambo hili, ila hawajaambiwa kwamba yanahusika. Mhariri wa miswada ya kale hakwarui wino wa mwandishi na kuandika usomaji wake juu yake. Huuacha mswada kama ulivyo, hutengeneza nakala mpya, na huonyesha mahali alipotofautiana na mwandishi. Programu nayo ifungwe na nidhamu hiyo. Liwepo kabrasha liitwalo ghafi, lenye faili kama zilivyotoka nyanjani, pamoja na makosa yake ya chapa. Liwepo la safi, lenye nakala zilizorekebishwa na programu. Liwepo la matokeo, na la programu zenyewe. Programu isome kutoka ghafi na kuandika kwingine. Isiandike ghafi kamwe, na faili za humo zifungiwe zisiweze kubadilishwa. Neno ghafi linafaa kwa kazi hii kuliko neno lolote la kigeni, kwani kila mtoto wa shule aliyesoma kuhusu malighafi anajua kwamba ni kitu ambacho hakijatiwa mkono. Kila kilicho katika safi na matokeo chaweza kufutwa jioni na kuundwa upya asubuhi kwa kuiendesha programu tena. Kilicho katika ghafi hakina asubuhi nyingine, na kwa sababu hiyo kinahitaji nakala angalau mbili zaidi, mojawapo ikiwa nje ya nyumba na nje ya mkoba wa mwenye tarakilishi.

Ghafi hiyo inapoanza kusomwa, Kiswahili kina mtihani wake mwingine. Wanaoanza huielekeza programu kwenye faili ya Word na kupata herufi za ajabu, kwa kuwa faili ya docx kwa hakika ni furushi lililobanwa lenye faili kadhaa ndani yake. Hilo hutatuliwa kwa kuihifadhi kazi kama matini tupu. Gumu zaidi ni ng'. Word ina mazoea ya kuibadilisha alama iliyonyooka ikawa iliyopinda, na matini ya mwanafunzi huishia kuwa na zote mbili. Kwa programu, hizo ni alama mbili zisizo na udugu. Ng'ombe huhesabiwa mara mbili kama maneno mawili tofauti, au hukatwa katikati na kuzalisha neno ng na neno ombe, na orodha ya msamiati hujaa viumbe hao. Na iwapo faili ilihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8 kisha ikasomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, alama iliyopinda hugeuka herufi tatu, na ng'ombe huonekana kama ngâ€™ombe. Wapo waliozifuta alama hizo kwa mkono, moja baada ya nyingine, katika kurasa mia moja, ilhali ingetosha kuieleza programu, kila inapofungua faili, kwamba matini iko katika UTF-8, kisha kuzigeuza alama zote ziwe za aina moja katika nakala ya safi. Mtafiti wa fonolojia aliyelipuuza jambo hili aweza kutoa hitimisho kuhusu utokeaji wa sauti hiyo ya nazali, kumbe alikuwa akihesabu mazoea ya Word.

Kuhusu majina ya faili, machache yanatosha. Nafasi katikati ya jina huleta usumbufu. Kistari cha chini kinafaa zaidi. Tarehe ianze kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili faili zijipange zenyewe. Nambari 1 iandikwe 01, la sivyo mahojiano ya 10 yatakaa kabla ya mahojiano ya 2. Linux hutofautisha Methali na methali, Windows kwa kawaida haitofautishi. Majina kama kazi_ya_mwisho na kazi_ya_mwisho_kabisa hayafai hata kujadiliwa. Lisilo dogo ni jina la mtu. Mwanafunzi huipa rekodi jina la mzee aliyehojiwa na kijiji chake, kisha huituma faili hiyo kwa wenzake kumi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mzee huyo, na adabu ya Mswahili ilimlinda kabla ya sheria. Faili iitwe kwa msimbo, na orodha ya misimbo ikae kwingine.

Yamkini wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya idara ya tarakilishi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana ngeli, vitenzi na arudhi za kumshughulisha. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama idara ya tarakilishi ingekuwa na sababu yoyote ya kuifikiria ng', au kujua kwamba kabrasha la tenzi ni mtego. Haina. Aidha, idara za Kiswahili tayari hufundisha namna ya kunakili mahojiano, kupanga data na kuambatisha viambatisho. Faili na makabrasha ni kazi hiyo hiyo, imebadilisha meza tu.

Pingamizi la pili ni jipya, na lina nguvu zaidi. Akili unde, husemwa, sasa yaweza kuandika programu yote kwa sekunde chache, na hata kwa maagizo ya Kiswahili. Ni kweli yaweza. Lakini mashine anayoandikiana nayo mwanafunzi kwenye simu haijui faili yake iko wapi, haijui ipi ni ghafi na ipi ni safi, haijui kwamba faili anayotaka kuandika juu yake ndiyo nakala ya pekee ya sauti ya mtu aliyefariki. Itaandika njia ya kubuni na kumwachia mwanafunzi aisahihishe. Na ikiandika w mahali pa x, nani ataitambua herufi hiyo asipokuwa yule aliyefundishwa? Kadiri programu zinavyozidi kuandikwa na mashine, ndivyo sehemu inayobaki mikononi mwa binadamu inavyozidi kuwa hii ya kujua kilicho chake kiko wapi na kipi kisiguswe.

Utekelezaji wa pendekezo hili hauhitaji maabara mpya wala fedha za wafadhili. Katika kozi ya mbinu za utafiti, saa mbili za kwanza zitengwe kwa faili, kabrasha na njia, kwa mifano ya Kiswahili na kwa istilahi za Kiswahili, tarakilishi moja na ubao vikiwepo. Wasio na vipakatalishi waichore miti ya makabrasha kwenye karatasi. Mti wa makabrasha hauna tofauti kubwa na mti wa sentensi ambao wameuchora tangu mwaka wa kwanza. Kisha mradi wa muhula uwasilishwe ukiwa kabrasha zima badala ya kurasa zilizochapishwa peke yake, ukiwa na faili fupi ya maelezo inayosema data ilitoka wapi, lini, na programu ipi iendeshwe kwanza.

Mhadhiri naye alifungue kabrasha hilo kwenye tarakilishi yake, ambayo mwanafunzi hajawahi kuigusa. Kwanza aandike kando ukubwa wa kila faili ya ghafi na tarehe iliyobadilishwa mara ya mwisho. Aliondoe kabrasha la matokeo, aiendeshe programu mara moja, atazame kama matokeo yanarudi yalivyokuwa, kisha aziangalie tena faili za ghafi. Ikiwa moja imebadilika hata kwa herufi moja, alama zipunguzwe, hata kama hesabu ya maneno ni sahihi. Kazi hiyo yote haizidi dakika tano kwa kila mwanafunzi.